Dawa ni ileile, kwa nini wiki hii inanilewesha na wiki ile hainisaidii?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 29, nina kifafa tangu nikiwa sekondari. Kwa miaka mitatu nilikuwa natumia lamotrijini miligramu 200 kwa siku na sikuanguka hata mara moja. Nilipoolewa nikaanza vidonge vya majira. Mwezi wa pili nikaanguka darasani mbele ya wanafunzi, halafu mara mbili nyumbani. Kliniki wakaniongezea dozi kidogo kidogo hadi miligramu 400. Kuanguka kumekoma, lakini kila nikifika mwisho wa pakiti ya majira, kwenye vile vidonge vya kahawia, napata kizunguzungu, nayumba, na maandishi ya ubaoni nayaona mawili mawili. Nikianza pakiti mpya, baada ya siku chache hali inatulia. Muuza dawa anasema huenda nimeuziwa dawa feki. Kaka yangu naye ana kifafa, anatumia dawa hiyohiyo kutoka duka hilohilo, na hajawahi kupata haya. Je, ini la mwanamke linafanya kazi tofauti na la mwanaume? Na mwakani tunatamani kupata mtoto. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole sana. Kuanguka mbele ya watoto unaowafundisha ni jambo zito, nawe umelieleza kwa utulivu. Umefanya pia kitu kimoja kilichonisaidia sana: umeangalia rangi ya kidonge ulichokuwa unameza siku kizunguzungu kilipoanza. Jibu lako limo humo.

Kabla ya maelezo, tahadhari. Usiache majira leo kwa sababu umesoma hapa kwamba ndiyo yanayoleta shida, na usipunguze lamotrijini kwa uamuzi wako mwenyewe. Ukiacha majira ghafla ukiwa bado kwenye miligramu 400, kizunguzungu cha siku chache kwa mwezi kitakuwa cha kila siku na kitazidi. Ukipunguza lamotrijini huku majira yanaendelea, unaweza kuanguka tena. Mambo haya mawili hubadilishwa kwa pamoja, hatua kwa hatua, na daktari anayekutibu kifafa.

Sasa chanzo. Vidonge vya majira vya homoni mbili, kama hivyo vyako, vina estrojeni ya kutengenezwa maabara inayoitwa ethinilestradioli. Estrojeni hiyo inaliamuru ini liongeze kimeng'enya kinachoiondoa lamotrijini mwilini. Dawa yako ikawa inatoka haraka kuliko zamani, na kiwango chake kwenye damu kikashuka hadi karibu nusu. Ndipo ukaanguka. Vile vidonge saba vya kahawia havina homoni yoyote, ni madini ya chuma tu, vimewekwa ili usipoteze mazoea ya kumeza kila siku. Ukifika hapo amri inakoma, ini linarudi kwenye mwendo wake wa zamani, na lamotrijini inaanza kujaa kwenye damu. Ulipokuwa kwenye miligramu 200 wiki hiyo ilikurudisha tu kwenye kiwango ulichokizoea. Sasa uko kwenye 400, kwa hiyo unarudi kwenye kiwango cha mtu aliyezidishiwa dozi maradufu. Kuyumba na kuona vitu viwili viwili ni dalili za lamotrijini kuzidi, na kila daktari wa kifafa anazijua. Dawa feki haifuati kalenda ya pakiti ya majira, kwa hiyo dhana ya muuza dawa siioni kuwa na nguvu hapa.

Nikueleze vizuri kinachotokea ndani ya ini, maana ukikielewa hutahitaji kuniuliza mara nyingine.

Dawa inayopenya hadi kwenye ubongo kwa kawaida huwa na uwezo wa kupita kwenye mafuta, kwa sababu kuta za seli ni za mafuta. Shida inakuja wakati wa kuitoa. Figo huchuja damu, lakini kitu chenye asili ya mafuta kikishachujwa hunyonywa tena na kurudi. Kwa hiyo ini hukitayarisha kwanza. Kwa lamotrijini kazi hiyo inafanywa zaidi na kimeng'enya kinachoitwa UGT1A4, ambacho hubandika kwenye dawa kipande cha asidi inayotokana na sukari. Ikishabandikwa, dawa haina nguvu tena, inayeyuka kwenye maji, na inatoka kwa mkojo.

Vimeng'enya hivi havina idadi ya kudumu. Seli za ini huvitengeneza na kuvibomoa kila siku, na kiasi kinachokuwepo hutegemea jeni lake linasomwa kwa bidii gani. Estrojeni ikiingia kwenye seli hujishikiza kwenye kipokezi chake, na kipokezi hicho husaidia kuwasha usomaji wa jeni. Watafiti wameliona hili maabara kwenye seli zilizopewa estrojeni: jeni la UGT1A4 linasomwa zaidi, na kazi ya kuibandika lamotrijini inaongezeka.

Tazama vipimo. Kidonge cha kawaida cha majira kina ethinilestradioli mikrogramu 30. Dozi yako ya zamani ya lamotrijini ilikuwa miligramu 200, yaani mikrogramu 200,000. Kitu chenye uzito mdogo zaidi ya mara 6,000 kinaiondoa nusu ya dawa yako kwenye damu. Kinawezaje? Homoni haipambani na dawa moja kwa moja. Inatoa amri tu, na kazi yote inafanywa na ini.

Kuna sababu nyingine inayofanya amri hii isikike kwa nguvu. Kila unachomeza, damu ya utumbo hukipeleka kwanza kwenye ini kabla ya kukisambaza mwilini. Estrojeni ya asili ukiimeza, utumbo na ini huiharibu karibu yote njiani. Mwaka 1938 huko Berlin, Inhoffen na Hohlweg wa kampuni ya Schering waliongeza kipande kidogo cha kaboni kwenye molekuli hiyo na kupata ethinilestradioli, ambayo ini hushindwa kuivunja kwa urahisi. Ndiyo estrojeni iliyomo kwenye vidonge vingi vya majira hadi leo. Lakini kitu ambacho ini haliwezi kukiondoa haraka hukaa kwenye ini na kuendelea kuliamuru. Estrojeni hiyohiyo huliongoza ini kutoa zaidi protini za kugandisha damu, ndiyo maana mwanamke aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni, au anayevuta sigara na amepita miaka 35, hapewi vidonge hivi.

Rudi sasa kwenye wiki yako ya kahawia. Fikiria pipa lenye bomba linaloingiza maji na tundu chini linaloyatoa: maji hupanda hadi kinachoingia kilingane na kinachotoka. Wewe hubadilishi bomba, estrojeni ndiyo inayopanua na kufinya tundu. Kwa mtu mzima anayetumia lamotrijini peke yake, nusu ya dawa iliyo kwenye damu huondoka kwa siku moja na ushei. Kwa hiyo tundu likifinywa, kiwango hakipandi papo hapo. Kinapanda siku hadi siku, na kufikia mwisho wa wiki kinaweza kuwa karibu maradufu. Ukiweka daftari nadhani utaona kwamba siku ya kwanza ya kidonge cha kahawia unakuwa mzima, na mbaya zaidi ni ile ya tano, ya sita na ya saba, pengine hata ya kwanza ya pakiti mpya. Liweke daftari hilo kweli. Andika tarehe, kidonge cha ngapi kwenye pakiti, saa uliyomeza lamotrijini, na ulivyojisikia. Pakiti mbili zikiandikwa hivyo, daktari ataona picha nzima hata kama hospitali haina kipimo cha kiwango cha lamotrijini kwenye damu, na nyingi kwetu hazina.

Utajiuliza kwa nini kliniki hawakuliona hili. Sitaki uwalaumu sana. Lamotrijini iliingia sokoni Uingereza mwaka 1991, na ilichukua miaka kumi hadi Anne Sabers na wenzake wa Denmark walipoandika, mwaka 2001, habari za wanawake saba ambao kiwango chao kilishuka kwa wastani wa asilimia 49 baada ya kuanza majira. Miaka kumi, kwa dawa iliyokuwa ikitumiwa na wanawake wengi wa umri wa kuzaa! Kabla ya hapo swali lililoulizwa lilikuwa la upande mmoja: je, dawa ya kifafa inaharibu majira? Lamotrijini ikaonekana haiyaharibu sana, watu wakaridhika. Upande wa pili, kwamba majira yanaweza kuiharibu dawa ya kifafa, haukufikiriwa. Na katika kliniki zetu mambo yametenganishwa kwa majengo: majira unapewa upande wa mama na mtoto, kifafa kinatibiwa kwenye chumba kingine, kadi ni mbili, na kila upande unajua lake. Inaniuma, kwa sababu swali moja tu, "Unatumia njia gani ya uzazi wa mpango?", lingekuokoa usianguke mara zote hizo.

Nije kwa kaka yako. Umeuliza kama ini la mwanamke ni tofauti na la mwanaume. Ndiyo, ni tofauti, lakini shida yako haitoki huko. Kaka yako ana jeni lilelile la UGT1A4 na seli za ini lake zina vipokezi vya estrojeni pia. Asichokuwa nacho ni ile amri ya kila siku ya mikrogramu 30. Ungekuwa hutumii majira, wewe na yeye msingetofautiana sana kwa dawa hii, na miaka yako mitatu ya utulivu inaonyesha hivyo.

Hata hivyo swali lako ni zuri na lina historia ndefu. Mwaka 1932 Nicholas na Barron, watafiti wa Marekani, walikuwa wakiwapa panya dawa ya usingizi kwa ajili ya upasuaji, wakagundua kwamba majike yanahitaji karibu nusu ya dozi ya madume. Baadaye ikajulikana kwamba ini la panya dume linaivunja dawa hiyo haraka zaidi. Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi katika fani hii. Wengi walidhani sababu ni testosteroni, homoni ya kiume, kufanya kazi moja kwa moja kwenye ini. Miaka ya 1970, Jan-Åke Gustafsson na wenzake jijini Stockholm walionyesha kwamba ukiitoa tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, tofauti kati ya dume na jike karibu yote inatoweka. Wakaamini pituitari inatoa homoni isiyojulikana inayolifanya ini liwe la kike, wakaipa jina: feminotropini. Walipoitafuta kwa miaka kadhaa, wakakuta ni homoni ya ukuaji, ileile inayorefusha mifupa ya watoto.

Lakini madume nayo yana homoni ya ukuaji, tena nyingi. Tofauti haiko kwenye wingi. Panya dume huitoa kwa mawimbi, wimbi moja kila baada ya saa tatu na nusu hivi, na katikati ya mawimbi damu inabaki karibu bila homoni hiyo. Jike huitoa mfululizo, bila vipindi virefu vya ukimya. Ini linasoma mdundo huo. Ndani ya seli kuna protini inayoitwa STAT5b: kila wimbi linapofika inaamshwa na kuingia kwenye kiini cha seli, na wimbi likipita inatulia. Panya waliozaliwa bila jeni la STAT5b wanapoteza sehemu kubwa ya tofauti ya ini la dume na jike. Na ukimfunga panya dume kifaa kidogo kinachomtilia homoni ya ukuaji mfululizo, ndani ya siku chache ini lake linaanza kutengeneza vimeng'enya vya jike. Testosteroni ina kazi yake, lakini inaifanya ubongoni tangu panya akiwa mchanga, kwa kuupanga mdundo wa pituitari. Ini linapokea tu.

Kwa binadamu mambo ni ya upole zaidi. Baadhi ya vimeng'enya vya panya vipo kwa dume na havipo kabisa kwa jike, lakini kwetu sisi tofauti nyingi hazifiki hata mara mbili. CYP3A4, kimeng'enya kinachoshughulika na dawa nyingi kuliko kingine chochote, kilipopimwa kwenye vipande vya maini ya wagonjwa wa upasuaji huko Ujerumani mwaka 2003, wanawake walikuwa nacho karibu maradufu ya wanaume. CYP1A2, kinachovunja kafeini, huelekea kuwa na kasi zaidi kwa wanaume. Majira nayo yanakipunguza hicho cha pili: mwanamke anayeyatumia, kafeini hukaa mwilini mwake karibu maradufu ya muda wa kawaida. Ukiona kahawa ya jioni imeanza kukunyima usingizi tangu uolewe, usiwaze mbali. Na kukosa usingizi, kama unavyojua, ni kichocheo kikubwa cha kuanguka, kwa hiyo acha kahawa ya jioni.

Utaona homoni moja inapandisha UGT1A4 na kushusha CYP1A2 ndani ya ini lilelile. Ndiyo sababu hakuna kanuni nyepesi ya "wanawake wanavunja dawa haraka" au "polepole". Lazima uulize dawa ipi, kimeng'enya kipi, homoni ipi. Mfano mzuri ni zolpidemu, dawa ya usingizi. Inavunjwa zaidi na CYP3A4, kimeng'enya ambacho wanawake wanacho zaidi, kwa hiyo ungetarajia wanawake waiondoe haraka. Imekuwa kinyume. Muda wa saa 8 baada ya kumeza miligramu 10, karibu asilimia 15 ya wanawake walikuwa bado na kiwango kinachoweza kuvuruga uendeshaji wa gari, wakati wanaume walikuwa asilimia 3. Januari 2013 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaamua dozi ya kuanzia ya wanawake ishuke kutoka miligramu 10 hadi 5. Dawa hiyo ilikuwa imeuzwa nchini humo tangu miaka ya 1990 mwanzoni. Sababu mojawapo ya uchelewaji wa namna hii ni kwamba kuanzia 1977 hadi 1993 mwongozo wa FDA uliwaweka wanawake wenye uwezo wa kuzaa nje ya majaribio ya awali ya dawa. Nia ilikuwa kuwalinda watoto walio tumboni baada ya maafa ya thalidomidi, dawa iliyosababisha watoto kuzaliwa na ulemavu wa viungo. Matokeo yake wanawake wakameza dozi zilizopimwa kwa miili ya wanaume.

Wapo wasomaji watakaosoma jibu hili huku wakitumia dawa nyingine, hivyo lazima niseme kwamba mambo yanaweza kwenda upande wa pili kabisa. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, dawa za kifafa zilizoenea zaidi Afrika Mashariki, zenyewe ndizo zinazoliamuru ini liongeze vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo huvunja homoni za majira na za vijiti vya mkononi. Hapo kifafa kinabaki kimetulia lakini mimba inaingia. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya vivyo hivyo kwa nguvu kubwa zaidi. Efavirenzi, iliyokuwa kwenye vidonge vya ARV vya wengi kabla ya dolutegraviri, nayo ni ya kundi hilo: utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wanawake 20 waliokuwa na vijiti vya levonojestreli huku wakitumia efavirenzi. Kiwango cha homoni kilikuwa chini kwa takriban nusu, na watatu walipata mimba kabla mwaka haujaisha, licha ya kuwa na njia inayotakiwa kukinga kwa miaka mitano. Kwa hiyo usimpe shoga yako ushauri wangu huu kama dawa yake si lamotrijini.

Sasa ufanye nini? Nenda kliniki ya kifafa na pakiti mbili mkononi, ya lamotrijini na ya majira, pamoja na lile daftari. Mwambie daktari: nilianza majira tarehe fulani, nikaanza kuanguka tarehe fulani, na kizunguzungu kinakuja kwenye vidonge visivyo na homoni. Hahitaji zaidi ya hapo.

Daktari anaweza kukuacha kwenye majira na kukuelekeza uruke vile vya kahawia, uunganishe pakiti hadi pakiti, ili estrojeni isikatike na kiwango kisiyumbe. Njia hiyo inakubalika, lakini kwako siipendi, kwa sababu itakulazimu kubaki kwenye dozi kubwa kisha kuishusha tena baada ya miezi michache utakapotaka mtoto. Ningekushauri mjadiliane kuhusu njia isiyo na estrojeni. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Vijiti vina projestini peke yake, yaani ile homoni ya pili ya majira, na projestini haishushi lamotrijini namna hii. Kwa kuwa lamotrijini si dawa ya kundi la fenobabitoni, vijiti vitakufanyia kazi. Sindano ya miezi mitatu pia haigombani na dawa yako, ila kwa mwanamke anayetaka mimba mwakani si chaguo zuri, maana baada ya sindano ya mwisho uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, mara nyingi miezi tisa, kumi, na kwa wengine zaidi. Kitanzi na vijiti vikitolewa, uzazi hurudi mapema.

Siku utakayobadilisha, lamotrijini ianze kushushwa kwa ratiba aliyoiandika daktari, kurudi kuelekea dozi yako ya zamani. Wiki mbili au tatu za mwanzo ndizo nyeti. Mwambie mumeo na mwalimu mwenzako mmoja, wajue kwamba kipindi hicho unaweza kuyumba au kuanguka, na wajue la kufanya: kukulaza ubavu, kutokukutia kitu mdomoni, kuangalia saa.

Kuna hatari nyingine ya lamotrijini ambayo wengi hawaambiwi. Dawa hii huongezwa polepole kwa sababu ikiingizwa kwa kasi inaweza kuleta upele mbaya unaochubua ngozi na mdomo. Kwa hiyo ikitokea umeikosa dukani kwa wiki nzima, usirudie na dozi kamili; rudi kliniki uanze upya kutoka chini, kwa kawaida miligramu 25. Na ukiona upele wowote pamoja na homa au vidonda vya mdomoni, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu mtoto, nina habari njema. Katika EURAP, rejista ya kimataifa ya mimba za wanawake wanaotumia dawa za kifafa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto wa mama waliotumia lamotrijini pekee walizaliwa na kasoro kubwa za mwili karibu 3 kati ya 100, wakati kwa valproeti, dawa nyingine ya kifafa, walikuwa karibu 10 kati ya 100. Kwa hiyo ukipata mimba usiiache lamotrijini kwa hofu, na mtu yeyote akitaka kukubadilishia kwenda valproeti kwa sababu yoyote, mwambie kwanza kwamba unatafuta mtoto. Anza asidi ya foliki kabla ya mimba, kwa kipimo atakachokuandikia daktari.

Lakini jambo hili la ini litarudi, tena kubwa zaidi. Mimba ni bahari ya estrojeni yako mwenyewe, na kasi ya kuitoa lamotrijini inaweza kupanda zaidi ya mara mbili, kwa wengine mara tatu. Kiwango huanza kushuka mapema, hata kabla tumbo halijaonekana. Ndiyo maana nataka utulie kwenye dozi yako bila majira kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza kutafuta: tukiijua dozi inayokutosha ukiwa huna estrojeni ya ziada, tutajua pa kupimia. Kama kuna hospitali ya rufaa au maabara unayoweza kuifikia inayopima kiwango cha lamotrijini, pima mara moja wakati huo, halafu rudia kila mwezi ukiwa mjamzito. Kama hakuna, hudhuria kliniki ya kifafa kila mwezi pamoja na ya wajawazito, na dozi ipandishwe mapema dalili ndogo zikianza, kama mshtuko wa mkono asubuhi au kupotewa na fahamu kidogo, bila kungoja uanguke.

Ukijifungua, estrojeni inaporomoka kwa siku chache na ini linarudi kwenye mwendo wa kawaida ndani ya wiki mbili hadi tatu. Hapo ndipo kina mama wengi huyumba, wanaona vitu viwili viwili na kutapika, na nyumbani watu wanasema ni uchovu wa uzazi. Wewe utaijua hali hiyo mara moja, kwa sababu ni wiki ya kahawia kwa ukubwa wake. Kunyonyesha unaweza: dawa inapita kwenye maziwa, ila watoto wengi hawadhuriki; mwangalie tu kama analala kupita kiasi, ananyonya kwa uvivu au anatoka upele. Ila ratiba ya kushusha dozi baada ya kujifungua isisubiri hadi uwe umechoka na una mtoto mikononi. Mwombe daktari wa kifafa aiandike kwenye kadi yako ya wajawazito kabla ya wiki ya 36, siku kwa siku, kwa miligramu, na mumeo aisome.